Wenye studio mnaotupa negativu za wateja, nani kawaambia ni takataka?

Wakuu, salamu tutapeana siku nyingine. Leo nina donge.

Nimepeleka mkanda wa kamera kusafishwa studio moja hapa Dar, jina nalihifadhi. Kodak Gold 200, picha 36. Nikazungushwa weee: njoo Jumatatu, mashine mbovu, njoo Alhamisi, fundi kaenda msibani. Nikavumilia. Mwishowe nikatumiwa picha WhatsApp. Haya, nikaenda kuchukua negativu zangu, yaani mkanda wenyewe uliokwisha kusafishwa. Kijana wa kaunta ananiangalia: "Negativu za nini tena bosi, si picha umeshapata?"

WAMEZITUPA! Wameskani, wakatia kwenye ndoo pamoja na vipande vya pasipoti saizi.

Jamani, negativu NDIYO picha. Hicho mlichonitumia ni nakala, tena WhatsApp imekibana hadi ukikikuza uso unakuwa viboksi. Negativu unaiskani leo, baada ya miaka 20 ikija mashine bora unaiskani upya na kutoa picha ya ukutani. Mama yangu ana za harusi yake kwenye bahasha ya kaki, mwaka juzi tumetoa picha mpya safi kabisa. Studio iliyozipiga ilishakufa zamani. Mimi nitawaonyesha wajukuu nini, skrinshoti?

Na rangi zenyewe zimekwenda pinki. Mkanda wa rangi kama huu husafishwa kwa utaratibu wa dawa uitwao C-41: dawa ya kwanza nyuzi 38, dakika 3 na sekunde 15. Dawa ikichoka au joto likiyumba, rangi zinahama. Ningekuwa na negativu ningempa fundi mwingine aniambie kosa liko kwenye dawa au kwenye skana. Sasa hata ushahidi uko jalalani!

Najua wapo watakaokuja na "si utumie simu". Simu ninayo. Ila nina kamera ya mkanda, Pentax K1000 ya marehemu mjomba, chuma kitupu, kibetri chake kinaendesha mita ya mwanga tu. Kikifa, shata inaendelea na kazi. Unavuta fokasi mwenyewe, unachagua tundu la lenzi na spidi, sindano ya mita ikikaa katikati unabonyeza. Jua la saa sita hata mita siitazami: tundu f/16, spidi 1/250 ya sekunde, twende. Huna kioo cha kuchungulia nyuma, huna kufuta. Bibi yangu wa Pangani ukimwelekezea simu anageuza uso. Alipoiona hii akaingia ndani kubadili kanga, akatoka na hereni, akaagiza kiti kisogezwe kwenye mwanga. Bibi huyohuyo! Ndiye aliyekuwa kwenye mkanda huo, na keshaanza kuuliza picha zake.

Kero nyingine za kamera hizi nilishazimeza. Mkanda dukani huupati, unamwagiza mtu anayetoka Nairobi au Dubai, unamsihi aubebe mkononi na aombe ukaguliwe kwa mkono, maana zile skana mpya za CT, za eksirei kali, za kukagulia mizigo viwanja vya ndege zinauharibu kabla haujasafishwa. Unalipa, unasubiri, hujui umepata nini. Hiyo ni sehemu ya starehe, sikatai. Lakini mtu avuke yote hayo, halafu aje kuangushwa na ndoo ya taka?

Nikamfuata mwenye studio. Ananipa nusu ya hela ya kusafisha, ati tuyamalize. Mkanda hana wa kunifidia, na picha za bibi hawezi kunifidia. Hela yake nimemwachia mezani.

Wadau, nani anasafisha C-41 Dar, Arusha au hata Nairobi, na anakurudishia negativu zimekatwa vizuri kwenye mfuko wake? Mtajeni hapa. Na mwenye tangi la kusafishia analouza anitumie ujumbe, mikanda ya nyeusi na nyeupe naanza kujisafishia mwenyewe jikoni.

Na wewe mwenye studio, najua humu unapita: taka zenu zinazolewa siku gani?