Mitsuwa, Tensuke au H Mart: nimpeleke wapi mama Jumamosi?

BintiWaTanga
Habari zenu wote. Mama yangu amefika Chicago wiki mbili zilizopita kutoka Tanga, na kila siku kilio chake ni samaki. Nimemkaangia salmoni ya supamaketi ya hapa mtaani, akaila kwa heshima yangu tu. Baadaye akasema, "Mwanangu, huyu hana bahari ndani yake." Neno hilo limeniuma.

Nimesikia sifa za masoko ya Kijapani upande wa kaskazini-magharibi. Mitsuwa nimepita mara moja mbiombio, Tensuke sijafika. Waliokwisha kuzunguka naomba wanilinganishie: Mitsuwa ya Arlington Heights, Tensuke ya Elk Grove Village na H Mart ya Niles. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, hali nguruwe wala chenye pombe. Nataka tukae tule hapohapo, tusiishie kununua tu na kurudi.

MzeeWaNiles
Karibisha mama kwa niaba yetu. Mimi H Mart ni jirani yangu, kwa hivyo nisikilize nikijua naipendelea. Kwa samaki mzima, hakuna wa kuishinda. Kaunta ni ndefu, unachagua mwenyewe, wanampara magamba na kumtoa matumbo ukingoja. Lakini fahamu kwamba hao ni Wakorea, si Wajapani. Kampuni ilianzia Woodside kule Queens, New York, mwaka wa 1982. Ukumbi wao wa chakula ni supu za pilipili, wali wa kuchanganya na mboga, kuku wa kukaanga. Kitamu, ila si ulichouliza.

Mitsuwa nimeijua tangu ikiitwa Yaohan. Ilifunguliwa 1991, na watu walikuwa wanaendesha gari kutoka majimbo jirani kuja kununua mchele na soya sosi. Yaohan ya Japani ilipofilisika 1997, duka likapata wenyewe wapya na jina jipya. Ukumbi wa chakula ukabaki, na kwangu ndio roho ya mahali pale.

KakaGoma
Mie na bibi yangu na watoto wane tunaendaka Tensuke. Ni fasi ndogo, haina kelele, na sushi yao ni ya nguvu kwa bei ambayo baba wa familia anaweza. Unachukua, unakaa kwenye meza pembeni, unakula. Ila meza ni chache. Jumamosi saa saba mchana utasimama na trei mkononi. Na mama wa magoti, hiyo si vizuri.

MpembaWaEvanston
Dada, nami nina mama, kwa hiyo naandika kwa kirefu. Kinachonisumbua mimi si duka gani, ni nini kimo ndani ya bakuli.

Mitsuwa utaona foleni ndefu kwa Santouka, watu wa rameni, yaani tambi za Kijapani ndani ya supu, kutoka Asahikawa, Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Bakuli linaletwa na plamu ndogo nyekundu juu, linapendeza machoni. Msikaribie. Supu ile ni ya mifupa ya nguruwe, na hata ukiomba waondoe nyama, supu inabaki ileile. Mjifunze maneno mawili yanayofanana: tonkotsu ni hiyo supu ya mifupa, tonkatsu ni kipande cha nguruwe kilichovingirishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Chashu nayo ni nguruwe. Na kwenye paketi tafuteni herufi hii: 豚. Ukiiona, rudisha rafuni. Bidhaa za kuagizwa huwa na kibandiko cheupe cha Kiingereza kwa nyuma chenye orodha ya viungo, someni bila haya hata kama watu wanapita.

Pombe ndiyo inayojificha zaidi. Mirin ni divai tamu ya mchele, ile halisi ina kilevi kiasi cha asilimia 14, nayo huingia kwenye sosi nyingi za kung'arisha samaki na kuku. Supu ya udoni, zile tambi nene, wengi huidhani salama kwa kuwa msingi wake ni mwani na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi. Samaki hana tatizo, ila mara nyingi humo mna mirin. Soya sosi ya kuchachushwa wanazuoni wana kauli zao, hilo amua na mama.

MzeeWaNiles
Sasa Mpemba, ukimwondolea rameni, udoni na sosi, mama atakula nini? Atakaa kutazama watu?

MpembaWaEvanston
Atakula vizuri kuliko wote. Siri ni hii: mnanunua upande wa soko, mnakula upande wa ukumbi. Ukumbi wa Mitsuwa una meza nyingi, kote ni sakafu moja, hakuna ngazi. Chukueni sashimi ya jodari kwenye friji, ambayo ni vipande vya samaki mbichi mtupu. Tafuteni saba wa kuchoma. Saba kwao si namba, ni samaki wa jamii ya vibua, mnene, mwenye mafuta yake. Akiwa wa chumvi tu, bila sosi, hapo hamna la kuuliza. Bebeni ndimu yenu na pilipili kwenye mkoba. Mimi nabeba kila mara.

AliyekuwaNagoya
Nilisoma Nagoya miaka minne, naunga mkono Mitsuwa kwa sababu moja: ndiyo inayonirudisha kule. Japani maduka makubwa huweka vyakula ghorofa ya chini kabisa, chini ya ardhi. Unashuka ngazi za umeme na harufu zinakupokea. Jioni wafanyakazi wanapita na vibandiko vya nusu bei, na sisi wanafunzi tulikuwa tunajua saa yao kuliko ratiba ya vipindi.

Mfikisheni mama kwenye viazi vitamu vya Kijapani. Ganda la zambarau, ndani manjano, vikichomwa polepole vinatoa asali yake vyenyewe. Na mikate yenye maharage mekundu ya sukari ndani, ambayo mtu wa pwani aliyezoea mbaazi na mahamri hataishangaa. Tahadhari moja: mchele wa Kijapani usipikie pilau. Unashikana kwa asili yake, utapata mashendea.

MamaPacha_NJ
Natoka nje ya mada kidogo. Huku kwetu New Jersey Mitsuwa iko Edgewater, ukingoni mwa mto Hudson, unakula ukiitazama Manhattan ng'ambo. Ushauri wangu unafaa hata huko: kama kazi inaruhusu, acha Jumamosi. Katikati ya wiki asubuhi mama atachagua meza anayotaka. Na beba keshi kidogo, kuna kibanda nilichowahi kufika na kadi wakanigeuza.

Halafu, mnakwenda kwa gari? Maana treni ya Metra inakushusha katikati ya mji wa Arlington Heights, na duka liko kusini kabisa karibu na barabara ya I-90. Kwa magoti yale usijaribu.

BintiWaTanga
Nimerudi na ripoti. Tulikwenda Mitsuwa Alhamisi, nikaomba ruhusa kazini.

Mama hakuuliza kitu mpaka tulipofika kwenye samaki. Hapo akaachia toroli. Kulikuwa na mikono ya pweza iliyokwisha kuchemshwa, myekundu kwa nje, myeupe palipokatwa, imefungwa kwenye trei. Akaibonyeza kwa kidole juu ya plastiki, akabonyeza tena, akaniambia, "Huyu amepigwa akapigika." Nilipomwambia Wajapani wengine humsugua kwa chumvi ili alainike badala ya kumpiga, alitafakari kidogo, kisha akasema basi wana mikono ya subira.

Tulinunua pweza, saba wawili wa chumvi, sashimi na kiazi. Saba mmoja alikuwa amekwishachomwa, tukamla ukumbini kwa ndimu na pilipili ya Mpemba. Ahsante sana ndugu yangu, bila wewe ningempa udoni. Mama alianzia kichwani kwa mazoea, akakuta hakuna kichwa, akahamia mkiani. Alimaliza. Miiba aliipanga pembeni mwa sahani mmoja mmoja, kama anavyofanya nyumbani.

Tensuke tulipita wakati wa kurudi kwa kuwa ni karibu. KakaGoma kasema kweli, nitapeleka wanangu huko siku za shule.

MzeeWaNiles, mama anauliza: kwenu H Mart kuna pweza mbichi? Anataka ampige mwenyewe.

MzeeWaNiles
Yuko, mara nyingi kwenye friza, siku nyingine kwenye barafu. Jumatano asubuhi sina kazi. Nitawapitia saa tatu, mama akae kiti cha mbele.