Maajenti wa nyumba Mombasa, orodha zenu zinatula pesa!

Jamani, hawa maajenti wamenichosha. Mtu anaandika mkataba wa watu kuishi na hawezi kupanga vitu vinne katika sentensi moja?

Nimeletewa mkataba mpya wa nyumba ninayokaa huku Tudor. Kifungu cha kodi, kama kilivyo: "Kodi inajumuisha maji, taa za ngazi, uzoaji taka na askari atalipwa na wapangaji." Someni tena. Unashika "inajumuisha", unahesabu maji, taa, taka, askari, roho inatulia. Kumbe askari ni wa mfuko wako! Jirani yangu aliyetia sahihi keshagongewa mlango adaiwe hela ya askari, na alipouliza akaambiwa "si imeandikwa?" Imeandikwa wapi, bwana? Ukishasema kodi inajumuisha, yanayofuata yawe ni vitu vinavyojumuishwa, mpaka cha mwisho. Askari kama ana habari zake, wekeni nukta mumwanzishie sentensi yake. Nukta hainunuliwi Marikiti.

Halafu kuna tangazo la ngazini: "Ni marufuku kufua kwenye ngazi, kuanika nguo barazani na kutoacha taka mlangoni." Yaani nimekatazwa kutoacha taka! Nikizishusha chini nimevunja sheria. Kijana wa juu anaacha mifuko yake hapo makusudi, akiulizwa anaonyesha tangazo, na kwa maandishi ana haki. "Marufuku" imeshakataza, hiyo "-to-" ya nini tena? Kufua, kuanika, kuacha, basi.

Lile la "mpangaji anatakiwa kulipa kodi kabla ya tarehe 5, usafi wa ngazi na asipige muziki usiku" hata pa kulishika sioni. Ama kulipa, kusafisha na kutopiga, ama alipe, asafishe, asipige. Chagueni njia moja.

Na haya yanatoka Mombasa, sisi tunaowacheka watu wa bara wakifungua mdomo tu! Katiba ya 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini mkataba wa Kiingereza hupelekwa kwa wakili, wa Kiswahili huandikwa na yeyote aliye karibu na kompyuta.

Karatasi zao nimezirudisha bila sahihi, kifungu cha askari nimekizungushia kalamu nyekundu. Wakiandike upya au wamlipe wenyewe. Mliopanga Kisauni na Bamburi, hebu fungueni mikataba yenu muangalie kifungu cha kodi, mkiweke hapa tukione.