Laptop inachemka halafu inajizima yenyewe, naomba ushauri

Wakuu habari za muda huu, naombeni msaada, laptop yangu i5 ram 8 inachemka balaa, nikifungua video au Zoom haichukui muda feni inaanza kuvuma kwa nguvu halafu paap inazima, na hapo chaji imejaa. Juu ya kibodi upande wa kushoto panaunguza kabisa, ila ukiweka mkono pale pa kutolea hewa upepo hautoki wa maana. Nimecheki joto la prosesa linapanda hadi digrii 98. Fundi mmoja kasema nibadilishe feni, mwingine anasema ni vumbi tu na ile pesti inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto imekauka. Nianze na kipi jamani? Ripoti yangu ya fildi iko humo humo na hela ya kubahatisha sina.