Gumzo la kikundi: Mabango ya Marade, Denver

Katibu: Hamjambo ndugu. Jumatatu ya 3 ya Januari ndiyo Marade, maandamano ya kumkumbuka Martin Luther King. Tunaanzia City Park, kisha barabara ya Colfax mpaka bustani ya Civic Center. Leo tumalize habari ya mabango.

Dada Rangi: Maneno ni yale ya wazoa taka weusi waliogoma Memphis, 1968, "I AM A MAN". Tuandike MIMI NI MWANAUME?

Mzee wa Ngoma: Hapana, mwanangu. Wale walikuwa watu wazima wanaitwa "boy", yaani mtoto wa kiume. Kama kwetu, mkoloni alivyomwita mpishi mwenye wajukuu "boi".

Mama Watoto: Shikamoo mzee. Basi si iwe MIMI NI MTU MZIMA? 😄

Mzee wa Ngoma: Marahaba. Maana ipo, ila msomaji atadhani tunatangaza umri. MIMI NI MTU inatosha. Na mpige mstari chini ya NI, wao waliupiga chini ya AM.

Dada Rangi: Herufi 9 tu, safi. Kadibodi sm 56 kwa 71, isimame wima. Mistari 3, herufi za sm 15, katikati sm 5. Penseli kwanza, na muanze na MIMI, M mbili zinakula nafasi. Rangi ya maji itachuruzika ikiguswa na theluji. Tumieni akriliki, mpake mara mbili.

Katibu: Miti ya kushikia ninunue mingapi?

Mzee wa Ngoma: Hata mmoja. Machi 28, 1968, kwenye maandamano ya wazoa taka wale, pale Beale Street, Memphis, vijana walivunja vioo vya maduka kwa miti ya mabango, polisi wakaja na mabomu ya machozi. Kesho yake wazoa taka walitoka tena, mabango shingoni.

Dada Rangi: Shingoni basi. Bandikeni tepu nyuma KABLA ya kutoboa, la sivyo tundu litachanika kwa uzito. Kamba ya juu sm 90. Toboa na chini matundu mawili, kamba izunguke kiunoni, maana upepo ukiingia chini bango linakupiga usoni.

Mama Watoto: Na wadogo?

Dada Rangi: Kata kadibodi nusu, herufi sm 12. Lile kubwa litawagonga magoti kila hatua.

Mzee wa Ngoma: Ngoma ibaki ndani ya blanketi mpaka tuanze. Ikilowa, asiisogeze mtu kwenye hita ya gari, ngozi itapasuka.

Katibu: Kadibodi 20, kamba mita 40. Naenda dukani.

Dada Rangi: Ongeza 3. Hakosekani wa kuandika MIMI IN MTU.