Programu ya Go: laptop inakimbia, seva yenye kori 16 inasuasua. Naomba ushauri

Mlinganishi
Habari za jioni wakuu.

Nimeandika programu kwa lugha ya Go ya kulinganisha miamala ya SACCO. Inasoma faili za CSV za malipo ya simu, kisha inamtafuta kila mlipaji kwenye leja ya wanachama. Kazi nzito iko kwenye majina, maana mtu yuleyule huku kaandikwa Mwanaisha na kule Mwanaaisha, kwa hiyo lazima nipime ukaribu wa herufi. Faili la mwisho wa mwezi lina mistari kama milioni moja, na kila mstari nimeuanzishia gorutini yake, yaani kazi ndogo ya Go inayoendeshwa sambamba na nyingine.

Kwenye laptop yangu yenye kori 8 (viini vya prosesa) inamaliza kwa dakika kama 12. Kwenye seva yenye kori 16, ndani ya kontena (kifungashio kinachoitenga programu na kuiwekea mipaka), inapita dakika 40. Wahasibu wanaingia saa mbili asubuhi na wanachama wanasubiri salio zao, kwa hiyo jambo hili linanikosesha raha. Nawezaje kuilazimisha Go igawe kazi kwenye kori zote?

Kasuku_wa_Keneli
Mkuu, kabla hatujaenda mbali naomba mambo matatu. Toleo la Go ni lipi? Kontena limewekewa ukomo gani wa CPU? Na hizo gorutini zinagusa kitu chochote kimoja kwa pamoja, kama ramani (jedwali la data kwenye kumbukumbu) au faili la kuandikia?

Mlinganishi
Shukrani mkuu. Go ni 1.22. Tunatumia Kubernetes kusimamia makontena, na ukomo wa CPU ni 2. Ndiyo, ipo ramani moja ya majina yaliyokwisha kulinganishwa ili nisirudie hesabu, nimeilinda kwa sync.Mutex, kufuli linaloruhusu gorutini moja tu kwa wakati.

Kasuku_wa_Keneli
Basi majibu yako yamebeba karibu tatizo lote. Nivumilie nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu ukiliona linavyotokea hutahitaji kubahatisha tena.

Gorutini haipewi kori moja kwa moja. Ndani ya Go kuna skedula, yaani mpangaji wa kazi, yenye sehemu tatu zinazoitwa G, M na P. Muundo huu ulisanifiwa na Dmitry Vyukov na ukaingia kwenye Go 1.1 mwaka 2013. Chukulia karakana ya ushonaji: G ni nguo inayosubiri kushonwa, M ni fundi, P ni cherehani. Fundi asiye na cherehani hawezi kushona hata akiwa hodari vipi. Rundo la nguo likifika darini, zinazoshonwa kwa wakati mmoja ni sawa na idadi ya cherehani tu. M ni thredi halisi, yaani uzi wa utekelezaji unaoendeshwa na mfumo endeshi, na idadi ya P ndiyo GOMAXPROCS.

Kila P ina foleni yake yenye nafasi 256. Ikijaa, nusu ya foleni inahamishiwa kwenye foleni kuu ya wote. P iliyoishiwa kazi haikai bure: inaangalia foleni kuu, inaangalia mtandao, kisha inamwendea P mwenzake na kumchukulia nusu ya kazi zake. Gorutini ikikwama kwenye wito wa mfumo, tuseme inasoma diski, M inabaki nayo lakini P inaachiwa M nyingine iendelee. Na tangu Go 1.14 ya Februari 2020, gorutini iliyong'ang'ania kwa zaidi ya milisekunde 10 hivi inaweza kusimamishwa hata ikiwa ndani ya kitanzi kisichoita fanksheni yoyote. Kwa hiyo kugawa kazi, Go inagawa. Huna haja ya kuilazimisha.

Shida yako ya kwanza iko chini ya Go. Tangu Go 1.5 ya 2015, GOMAXPROCS huwekwa yenyewe kufuata idadi ya kori. Go 1.22 ikiwa ndani ya kontena inahesabu kori za mashine, haisomi ukomo wa kontena. Inaona 16, inatengeneza P 16. Lakini keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, imeambiwa kontena hili lina haki ya CPU 2 tu, na kawaida inapima haki hiyo kwa vipindi vya milisekunde 100: umepewa milisekunde 200 za CPU katika kila kipindi. Thredi 16 zikikimbia kwa pamoja zinamaliza mgao wote ndani ya milisekunde 12.5. Milisekunde 87.5 zilizobaki kontena zima linagandishwa, na gorutini iliyoshika kufuli inaganda nayo pia.

Soma faili la cpu.stat kwenye cgroup ya kontena (mahali Linux inapoweka mipaka na hesabu zake), uangalie mstari wa nr_throttled, yaani idadi ya vipindi ambavyo kontena limegandishwa. Ukipanda kila ukiusoma, umempata mhusika. Kisha weka GOMAXPROCS=2 kwenye mazingira ya kontena ujaribu tena.

Binti_Pwani
Naunga mkono maelezo ya Kasuku, ila GOMAXPROCS peke yake haitamfikisha. Ule mgao wa CPU 2 angeupata vilevile kwa vipande, kwa hiyo jumla ya kazi inayofanyika kwa dakika haibadiliki sana. Anachopata kwa uhakika ni kuondoa zile ganda-ganda na gharama ya thredi kugombania. Mimi naliogopa zaidi lile kufuli.

Mlinganishi, kaka yangu, naomba uangalie: unashika kufuli, unatafuta jina, hulioni, unapima ukaribu wa herufi, unaandika jibu, ndipo unaachia? Kama hesabu nzito iko katikati ya Lock na Unlock, basi programu yako ni ya mtu mmoja mmoja hata ukiipa kori 64. Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967: sehemu isiyogawanyika ndiyo inayoweka ukomo. Sehemu hiyo ikiwa asilimia 30 ya kazi, kori 8 zitakupa kasi ya mara 2.6 hivi, na hata ukiongeza kori bila kikomo hutafika mara 3.4.

Na gorutini kwa kila mstari siipendi kwa kazi ya hesabu. Kila moja inaanza na staki (kumbukumbu yake ya kufanyia kazi) ya kilobaiti 2, kwa hiyo milioni moja zikisubiri kufuli kwa pamoja ni gigabaiti 2 kabla hujaweka data yoyote. Gorutini nyingi zinafaa pale zinaposubiri mtandao. Kwa hesabu, anzisha wafanyakazi sawa na GOMAXPROCS, kila mmoja apewe fungu la mistari elfu kadhaa na awe na ramani yake mwenyewe. Mwishoni unganisha ramani. Yapo majina yatakayokokotolewa mara mbili, sawa, lakini hiyo ni nafuu kuliko kila mtu kusimama mlangoni.

Mzee_wa_Skripti
Vijana, mimi kazi kama hiyo naifanya kwa Python na thredi 8, na naona kori moja tu ndiyo inayopanda. Ni ugonjwa huohuo?

Binti_Pwani
Shikamoo mzee. Hapana, huo ni tofauti. CPython, yaani Python ya kawaida, ina kufuli kuu la mkalimani (programu inayotekeleza msimbo wa Python), liitwalo GIL. Thredi ni za kweli lakini moja tu ndiyo inayotekeleza msimbo wa Python kwa wakati mmoja, nyingine zinaomba zamu kila baada ya milisekunde 5. Kwa hesabu tumia moduli ya multiprocessing inayoanzisha michakato kadhaa, kila mchakato una GIL yake. Toleo lisilo na GIL lilitoka kwa majaribio kwenye Python 3.13, Oktoba 2024, ila hakikisha kwanza maktaba unazotumia zinalikubali.

Mlinganishi
Wakuu, Mungu awabariki. Nimefanya yote mawili, moja baada ya jingine ili nijue kipi kimesaidia.

nr_throttled ilikuwa inapanda kila nikiisoma. Nilipoweka GOMAXPROCS=2 ikakaribia kusimama, na muda ukapungua lakini si kwa kiasi nilichotarajia, kama Binti_Pwani alivyosema. Kisha nikatoa hesabu nje ya kufuli na kumpa kila mfanyakazi ramani yake. Sasa kwenye seva ni dakika 15 na ushei, kwa CPU 2 tu. Laptop nayo imeshuka chini ya dakika 5, na kori zote 8 zinafanya kazi mpaka mwisho wa faili.

Swali la mwisho: niombe ukomo wa CPU upandishwe hadi 4, au nibaki hapa?

Kasuku_wa_Keneli
Hongera sana mkuu. Omba 4, maana sasa kazi yako inagawanyika na utaona faida yake. Ila kumbuka kubadilisha GOMAXPROCS iwe 4, usipofanya hivyo CPU mbili za nyongeza zitakaa bure. Ukichoka kuiweka kwa mkono, ipo maktaba ya automaxprocs ya Uber, au hamia Go 1.25 ya Agosti 2025, ambayo kwenye Linux inasoma ukomo wa kontena yenyewe na kujirekebisha ukibadilika. Ukihama, hakikisha go.mod, faili la mradi linalotaja toleo la Go, nayo imeandikwa 1.25, na uondoe ile GOMAXPROCS uliyoweka kwenye mazingira, kwa sababu ikiwepo ndiyo itakayofuatwa.

Kabla ya yote endesha mara moja na GODEBUG=schedtrace=1000. Kila sekunde itakuchapia idleprocs, yaani P zilizokosa kazi. Zikiwa sifuri muda mwingi na nr_throttled imetulia, peleka ombi la CPU 4 ukiwa na namba hizo mkononi.

Mlinganishi
Naiendesha usiku huu kwenye faili la mwezi uliopita. Nitaweka matokeo hapa kesho.