Choo cha shimo kwenye mchanga, Lamu: maji yako karibu mno

Swali: Salaam. Kijiji chetu ni mchanga mtupu. Masika maji ya ardhini hupanda hadi mita 2 kutoka juu, na kuta za shimo huporomoka. Tuchimbe vipi?

Jibu 1: Wa alaikum salaam. Usichimbe zaidi ya nusu mita. Chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya masika, si ya kaskazi. Wengi hupima wakati wa kiangazi na hapo ndipo wanapokosea. Inua ukuta wa shimo mita 1 juu ya ardhi, upige plasta ndani na nje, kisha uzungushie udongo ulioshindiliwa. Shimo liwe la duara, maana pembe ndizo huanguka kwanza. Sehemu ya chini jenga kwa matofali, viungo vya wima viache wazi maji yanywee. Kisima kiwe mita 30 au zaidi kutoka chooni.

Jibu 2: Na vinyesi vya watoto, tafadhali, viingie chooni, si ufuoni. Mlangoni tundika kibuyu chirizi: dumu la lita 5, tundu la msumari, sabuni kwenye kamba. Bila sabuni hapo hapo, watoto hawanawi.