Rafiki yangu anajiumiza kwa siri, naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Fundi Sindano:
Mbukwenyi wadau, poleni na majukumu. Nashona nguo karibu na soko la Majengo hapa Dodoma. Nina rafiki, tumetoka kijiji kimoja, tunakaa chumba kimoja Nkuhungu tangu mwaka jana. Mwezi wa tisa nilimkuta anafua saa saba mchana kavaa sweta la mikono mirefu. Jua la mwezi wa tisa huku, hata mbuzi wanagombea kivuli. Sweta limelowa mpaka viwikoni na hapandishi mikono. Nikamshika kwa utani nimpandishie, akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. Niliona alama, nyingine zimepona, nyingine mbichi. Nifanyeje aache? Matusi sitaki, nimechoka.

Baba Kongwa:
Vijana mmeacha maombi. Sisi tumekua na njaa, tumekula mlenda mtupu bila ugali, hakuna aliyejigusa. Mpeleke kwa mchungaji.

Zabibu Tamu:
Kaachwa huyo. Nitumie namba nimfariji.

Mama Wawili:
Zabibu, futa ulichoandika. Dada, mdogo wangu wa kiume alikuwa hivyo akiwa kidato cha tano. Nilimshikisha Biblia akaapa hatarudia. Alirudia, ila sasa akawa hodari wa kuficha, na akawa ananikwepa mimi niliyemwapisha. Mwaka mzima nilidhani amepona. Usimwapishe mtu.

Nesi wa Zamu:
Fundi, umeshamuuliza kama anawaza kufa? Kujiumiza na kutaka kufa si kitu kimoja. Wengi wanasema wanafanya hivyo ili yale ya moyoni yatulie kidogo. Lakini anayejiumiza yuko karibu zaidi na hatari kuliko mwingine, kwa hiyo lazima aulizwe, tena waziwazi. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, kuna kliniki ya wagonjwa wa nje, anaonwa na anarudi nyumbani.

Fundi Sindano:
Mirembe hapana. Akionekana tu getini mtaa mzima utamwita kichaa, nani atamuoa? Nimeshakata tiketi ya basi, Jumamosi anaenda Mpwapwa kwa shangazi yake, akatulie. Nikimpigia hapokei, kwa hiyo Ijumaa nitapita Chang'ombe nimpe mkononi.

Nesi wa Zamu:
Shangazi anajua?

Fundi Sindano:
Nitamwambia ametoka kuumwa malaria. Namjua rafiki yangu kuliko nyie.

Mwanasheria wa Kijiweni:
Kuweni makini na hospitali. Mtaambiwa mlete PF3, ile fomu ya matibabu kutoka polisi, na kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa.

Nesi wa Zamu:
Kifungu hicho kinaongelea kujaribu kujiua. Anayekuja kliniki kusema "najiumiza na sijui nitaachaje" ni mgonjwa. Kaka, maneno kama haya ndiyo yanawafanya watu wakae ndani na vidonda vyao.

Bajaji ya Makole:
Mimi nabeba watu kwenda Mirembe kila wiki. Hospitali ipo tangu 1927 na mjini bado tunaitumia kama tusi. Kuna mama mmoja anaingia kliniki na sare ya kazini, anachukua dawa, ananiambia "twende haraka, nachelewa." Miaka miwili namuendesha. Hata mimi nilikuwa naogopa lile geti.

Jicho la Tai:
Wadau, hii chai. Mwanzo kasema wanakaa chumba kimoja Nkuhungu. Sasa hivi anampigia simu hapokei na anamfuata Chang'ombe. Mtu wa chumba kimoja unampigiaje? Juzi kuna mwingine alitutoa machozi hapa, tukachanga, kumbe uongo.

Zabibu Tamu:
Au huyo rafiki ni yeye mwenyewe.

Mama Wawili:
Hata kama ni yeye mwenyewe, ushauri ni uleule. Fundi, rudi utueleze.

Fundi Sindano:
Si chai. Nilimtoa. Siku ileile ya sweta. Mwenye nyumba ana maneno, na mle ndani ni mikasi na sindano kila kona, niliogopa nisije nikamkuta vibaya nikaulizwa mimi. Nikamwambia tafuta pa kukaa kwanza, ukae sawa. Hakubisha. Alikunja godoro, akalifunga kwa khanga, akaniuliza kama ndoo aiache. Wiki tatu sasa anakaa peke yake. Simu hapokei tangu juzi jioni.

Nesi wa Zamu:
Dada, funga mashine, nenda sasa hivi. Asipofungua, muite mwenye nyumba au mjumbe, msisubiri asubuhi. Akifungua, usianze na mikono yake wala na tiketi.

Jicho la Tai:
Nenda dada. Nisamehe.

Fundi Sindano:
Yupo. Umeme wa LUKU umeisha na simu imezima chaji. Nimekuja na uji. Nimemuomba msamaha wa godoro, kisha nikamuuliza kama mlivyonielekeza, ulimi mzito. Kakaa kimya mpaka uji ukapoa. Kasema, "Siku ya godoro niliwaza." Na leo? "Leo sijui."

Nesi wa Zamu:
"Sijui" maana yake usimuache peke yake usiku huu. Muombe akukabidhi vitu vya makali na dawa zilizomo ndani, usimpekue. Asubuhi mje wote kliniki. Akisema ameamua, msisubiri asubuhi, njooni usiku huohuo.

Fundi Sindano:
Kanipa mwenyewe, nimefunga kwenye mfuko wangu. Mpwapwa hataki, kasema shangazi ana mdomo. Kliniki kakubali, sharti niingie naye.

Bajaji ya Makole:
Saa moja na nusu nitakuwa barabarani hapo Chang'ombe. Nauli msiniulize.

Fundi Sindano:
Anauliza kama atavuliwa sweta.

Nesi wa Zamu:
Mwambie hakuna atakayemvua. Daktari akihitaji kuona, atamuomba kwanza.